Mgongoni kwa Mkwe Wangu

Mimi nimebebwa mgongoni na mkwe wangu. Aliyezaliwa pwani yetu hii ameshashtuka, na huenda ameziba mdomo kwa mkono. Asiyezaliwa huku atauliza kwani kuna nini, mtu mzima akiumwa si abebwe tu. Basi acha nianzie hapo, maana usipolijua hilo hutaelewa ilikuwaje mwanamke mwenye akili zake, aliyewafundisha wanawake wenzake kusoma na kuandika, akakaribia kufa huku choo kizuri kipo nyuma ya jiko lake.

Na kabla sijafika mbali: kama unasoma haya na tumbo linakuendesha maji, weka haya chini ukanywe soro, ile dawa ya chumvi na sukari wanayokupa hospitali ukoroge kwenye maji safi. Mimi na maneno yangu tupo, tutakusubiri.

Naitwa Mwanahija. Kwetu ni upande wa Quionga, kaskazini kabisa ya Msumbiji, mtaa wa minazini, karibu na pwani. Mume wangu alifariki zamani, na mtoto niliyebaki naye ni mmoja, Rabia. Tulipokimbia vita, jamaa zetu wa ng'ambo ya Ruvuma walitupokea, na hukohuko Rabia akapata mchumba, kijana wa Msimbati aitwaye Hemedi, muuza ndoo na madumu. Tuliporudi kwetu naye akaja, kwa sababu kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Alifika na jembe begani, na ndoo zake zimepachikwa moja ndani ya nyingine mpaka zimempita kimo. Nilimpenda siku hiyohiyo. Sikumwambia, maana mama mkwe haongei ovyo na mkwewe.

Heshima ya mkwe kwetu si mchezo. Hamli sahani moja wala hamkai mkeka mmoja, na ukimwona anakuja njiani unavuta kanga kichwani unampisha. Hata tukisimama ua mmoja, maneno yangu kwake yalipitia kwa Rabia. Nilisema, Rabia, mwambie mumeo wali umeiva, na mumewe amesikia kila neno, lakini anasubiri Rabia arudie, kisha anajibu kwa njia hiyohiyo. Rabia alikuwa akilalamika kwamba tumemfanya simu. Na katika miiko yote hiyo, mkubwa kuliko yote ni huu: mkwe wako asikuone unakwenda haja.

Sasa Hemedi, kwa wema wake, akachimba choo. Tulikuta nyumba zimeanguka na vyoo vya zamani vimebomoka, na yeye kabla hajamaliza kuezeka chumba chake alishika jembe akachimba shimo refu, akamwaga sakafu ya saruji, akazungushia makuti, akatundika na dumu la maji ya kunawia mikono. Watu walikuja kukitazama kama wanaotazama bibi harusi. Mimi nilikisifu kwa maneno mazuri kabisa, na sikukikanyaga. Njia ya kwendea ilipita mbele ya mlango wake, palepale anapokaa kupanga ndoo zake. Nipite hapo mimi, na kopo la maji mkononi? Nikaona afadhali pwani.

Pwani ndiko walikokwenda mama zetu na bibi zetu. Wanaume wana upande wao, wanawake tuna upande wetu nyuma ya mikoko, jogoo akiwika. Maji yakijaa yanachukua, yakitoka yanaacha mchanga safi, ndivyo tulivyoona. Nilikwenda na shoga yangu Sifa, jirani yangu tangu tukiwa wasichana, na sitaki kudanganya, pale palikuwa baraza letu. Nani kaposwa, nani kaachika, mchele umepanda au umeshuka, yote tuliyapata pale tukiwa tumechuchumaa. Nikikosa siku moja nilijiona kama mtu aliyepitwa na msiba.

Lakini tuliorudi tulikuwa wengi, wengine wamekuja na watu waliofahamiana nao huko ukimbizini, na visima vyetu ni vifupi na viko karibu na pwani. Mvua zilipoanza kupiga mfululizo, maji ya juu yote yakateremka visimani. Haya nilielezwa baadaye. Wakati ule mimi niliona mvua tu, nikamshukuru Mungu kwamba mwaka huu mpunga utakubali.

Kipindupindu hakipigi hodi. Nilikuwa nakuna nazi asubuhi, mzima kabisa, mara tumbo likanguruma bila hata kuuma. Nikaenda pwani. Nikarudi, nikakaa tena kwenye mbuzi, nazi haikufika nusu nikanyanyuka. Kilichonitoka kilikuwa maji matupu, meupe, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Rabia aliponiuliza nina nini, nikamjibu ni embe mbichi.

Rabia alikuwa na mimba yake ya kwanza, na tumbo limeshashuka. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa mama wa mzazi. Mimi ndiye wa kumshika Rabia mgongo, mimi wa kumwogesha mtoto maji ya kwanza. Nilikuwa nimeshaweka tayari kanga za kumpokelea, zile za zamani zilizofuliwa mpaka zimelainika, nimezikunja chini ya mto wangu. Kila jioni nilizitoa nikazikunja upya, si kwa sababu zimekunjuka, ni furaha tu.

Basi sikutaka Rabia ajue naumwa. Na choo kipo pale, nakiona, na Hemedi kakaa mlangoni kwake na ndoo zake kwa sababu mvua imemzuia kwenda sokoni. Nikawa nakwenda pwani na kurudi. Mchana misuli ya miguu ikaanza kunikaza, nikawa natembea kwa kushika minazi. Nilitazama vidole vyangu, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua tangu alfajiri. Nikataka kumwita Sifa, sauti haipo. Safari ya mwisho sikufika. Nilianguka kwenye minazi, kanga imelowa, shavu kwenye mchanga, nikaona siafu wanapita karibu na pua yangu na sina nguvu za kuwapuliza.

Sifa ndiye aliyenikuta. Alipiga ukelele wa kuita watu, na wanaume wengi walikuwa mashambani, mvua imepungua kidogo wameenda kupalilia. Aliyekuja mbio ni Hemedi. Alipoona ni mimi, na niko katika hali gani, akasimama akageuza uso pembeni. Mimi, na ufu wangu ule, nikapunga mkono kumwambia arudi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Sifa akasema. "Mchukue, Hemedi."

Nadhani methali ilikuwa yangu na amri ilikuwa ya Hemedi. Hemedi akapiga magoti, akanigeuzia mgongo, akaongea huku anatazama minazi. Hakukuwa na Rabia wa kupitishia maneno.

"Mkwe, nisamehe. Heshima yako n'takurudishia ukipona."

Sifa akanipandisha, akanifunga kwa kanga kama anavyofungwa mtoto, na mkwe wangu akainuka na mimi. Njia ya kwenda barabarani si fupi. Nilimchafua. Maji yalinitoka nikiwa mgongoni kwake yakamshuka mpaka miguuni, na nilitamani ardhi ipasuke, ila sikuwa na nguvu hata za kuona aibu ipasavyo. Yeye alizidi kutembea. Alikuwa akimsalia Mtume taratibu, kwa kufuata hatua zake, na mimi nikawa nashikilia sauti ile nisipotee. Barabarani tukapata pikipiki, nikawekwa katikati, dereva mbele na Hemedi nyuma, na hivyo ndivyo nilivyoingia mji wa wilaya, vila ya Palma, mama wa watu mwenye heshima zangu.

Mahema meupe yalikuwa yamepigwa nyuma ya kituo cha afya. Mlangoni unakanyaga maji ya klorini, unanawa klorini, nguo zinapuliziwa klorini. Wapo ambao harufu ile inawachefua hadi leo. Mimi ikinipata mahali popote moyo unachanua, nakumbuka kwamba ndiyo harufu ya kupona kwangu. Ila vile vitanda! Ni turubai lililovutwa kwenye miguu ya mbao, katikati pana tundu, chini ya tundu pana ndoo. Nilipokiona changu nilitaka kurudishwa nyumbani nikafe kwa adabu.

Enfermeira, yaani nesi, hakuniuliza nataka nini. Alikuwa mwanamke mnene wa Nampula, jina lake Lurdes, anayesema Kireno na Kimakua, na Kiswahili chake ni cha kununulia samaki tu. Alinitafuta mshipa mkono mmoja hakuupata, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza, anaimba kidogokidogo, mpaka mikono yote miwili ikawa na mfuko wa soro ya mshipani unaning'inia juu yake. Nikawa nahisi baridi inaingia na kupanda begani. Lilikuwa jambo tamu kuliko maji ya madafu.

Kila mgonjwa aliruhusiwa mtu mmoja wa kumuuguza. Rabia na tumbo lake walimkataza kuvuka uzio. Sifa ana wajukuu wadogo nyumbani, angewapelekea maradhi. Akabaki Hemedi.

Hapa ndipo ninapocheka kila nikisimulia, na nyinyi mna ruhusa ya kucheka. Hemedi alifunga kamba, akatundika kanga kati ya kitanda changu na pale alipokaa. Haikumtosha, akakaa akinipa mgongo hukohuko nyuma ya kanga. Ikifika saa ya kuninywesha, alipitisha mkono kwa nyuma, bila kugeuka, na kikombe kikawa kinanitafuta hewani. Nusu nilikunywa, nusu iliniingia shingoni. Na kuongea je, na simu yetu Rabia yuko nje ya uzio? Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja wa Olumbi, muuza pweza, naye hoi kama mimi. Hemedi alikuwa akimwambia yeye: mama, tafadhali mwambie mkwe wangu anywe kidogokidogo. Na mama wa Olumbi, sauti yake imekauka, ananigeukia mimi niliye karibu naye kuliko mto wake mwenyewe: unaambiwa unywe kidogokidogo. Nami namwambia, mjibu nimesikia.

Lurdes alipoingia akasimama mikono kiunoni. Akauliza huyu bwana vipi, amegombana na mgonjwa? Mtu mmoja akamfasiria kwa Kireno kwamba huyu ni genro, mume wa binti, na huyu ni sogra, mama mkwe, na kwetu hawatazamani. Alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Halafu alikuja akaniwekea mkono kichwani, akatafuta Kiswahili chake chote alichonacho.

"Vovó," akasema, yaani bibi, "wewe bahati."

Kuanzia hapo kazi ya kuniosha akaichukua yeye, na sikumwona akinuna hata mara moja. Alitaka pia kumtafutia Hemedi mtu wa kumwaga ndoo ya chini ya kitanda. Hemedi alikuwa ameshainyanyua. Nilimsikia akimwambia mama wa Olumbi kwamba asijali, ndoo ndiyo biashara yake.

Nisiifanye yote kicheko. Wakati mmoja mama wa Olumbi alinipa simu yake nijitazame kwenye kioo chake, kwa kuwa nilimwomba, na nilimwona bibi yangu mzaa mama jinsi alivyokuwa siku aliyofariki. Macho yamezama, mashavu yameingia, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Nikaogopa. Niliogopa kufa kabla sijamshika mjukuu wangu, na nikalia, na machozi hayakutoka kwa sababu mwilini hamkuwa na maji ya kulia. Mama wa Olumbi akanyoosha mkono akanishika kidole. Tulishikana hivyo mpaka mfuko wa soro ukaisha na mwingine ukatundikwa.

Huko hemani siku hazina majina, kuna mfuko huu na mfuko ule. Lurdes alikuwa akipita kila mara kuniuliza jambo moja tu kwa ishara, nami nikitikisa kichwa kwamba bado. Alikuwa anauliza kama nimekojoa. Anayekaushwa na kipindupindu mkojo unakatika, na ukirudi ndipo wanajua mwili umekubali kuishi. Mimi nilidhani ni maswali ya kunivunjia heshima. Basi asubuhi moja, mvua inapiga juu ya turubai, ukarudi. Nikamnong'oneza Lurdes sikioni, na yule mwanamke akasimama katikati ya hema akatangaza kwa Kiswahili kilichonyooka, sijui alifundishwa na nani, kwamba bibi amekojoa.

Hema zima likapiga vigelegele. Wagonjwa, wauguzaji, na mama wa Olumbi na sauti yake ile ya kukwaruza. Nyuma ya kanga nilimsikia mkwe wangu akisema alhamdulillahi. Nilijifunika shuka gubigubi, na chini ya shuka nilikuwa nacheka.

Nilipoweza kusimama walinitembeza mpaka kwenye uzio. Rabia alikuwa upande wa pili chini ya mwavuli, tumbo limetangulia, macho mekundu. Nilitarajia anipe pole. Alikuwa ameshaongea na Lurdes, na Lurdes alikuwa ameshamchorea kwa kidole mchangani, kama alivyonichorea mimi: hapa pwani, hapa kisima, hapa kikombe, hapa mtoto. Mtu akishapona, ugonjwa bado unatoka naye siku kadhaa, na mvua inaubeba.

"Mama, ukirudi kwenda pwani mimi navuka Ruvuma," Rabia akaniambia. "N'takwenda kuzaa Msimbati kwa mama mkwe wangu."

Nikamuuliza atanipitaje mimi mama yake, mimba ya kwanza, na kanga nimeshazikunja.

"Mficha uchi hazai. Wewe ndiye uliyenifundisha, sasa nakurudishia."

Nilikasirika, sana tu. Nilikaa kitandani nikimkasirikia yeye, na Lurdes, na mvua, na choo chenyewe. Halafu hasira zikaisha kwa sababu sikuwa na mahali pa kuzipeleka. Mtoto wa Rabia kuzaliwa ng'ambo, aogeshwe na mikono mingine, na mimi niko hapa mzima na kanga zangu! Nikajiambia, Mwanahija, umeshabebwa, umeshamwagiwa soro shingoni, umeshapigiwa vigelegele kwa mkojo. Imebaki nini cha kuficha? Na bado, Mungu ananijua, nikifikiria ile njia inayopita mbele ya mlango wa Hemedi, miguu ilikuwa inakataa.

Nikarudi nyumbani mwepesi kama kuti kavu. Nguo zangu zote zilikuwa za mtu mwingine, mnene. Jambo la kwanza kuliona lilikuwa mzigo wa Rabia, umefungwa, umewekwa mlangoni mahali ambapo siwezi kusema sikuuona. Nikala uji. Nikakaa. Na baada ya uji, kama mnavyojua, mambo yakaja.

Nikachukua kopo la maji. Rabia akanitazama. Sifa, aliyekuja kunijulia hali, akanitazama. Njia ya pwani ilikuwa kushoto na njia ya choo kulia, na Hemedi yupo kwenye kizingiti chake na ndoo zake. Nikavuta kanga kichwani nikageuka kulia.

Hemedi aliponiona, akanigeuzia mgongo kama alivyozoea hemani. Kisha sijui wazo lilimjia wapi. Akapindua ndoo kubwa, akaiweka kati ya magoti, akaanza kuipiga kama ngoma, kwa nguvu, ili nijue kwamba haoni na hasikii chochote. Sifa akashindwa kujizuia, akaitikia kwa kigelegele. Rabia naye akapiga makofi. Wanawake wa ua wa pili wakachungulia juu ya uzio wakauliza kuna mwali anatolewa? Mimi niliyechezwa unyago zamani hizo, nikiwa msichana wa kuogopa kuinua macho, nikapigiwa ngoma kwa mara ya pili maishani, safari hii nikiingia chooni. Nilipotoka nikanawa mikono kwenye dumu, taratibu, kwa sabuni, kila kidole, kwa kuwa nilikuwa na watazamaji.

Jioni ile mzigo wa Rabia ulifunguliwa.

Siku zilizofuata Hemedi aligeuza mlango wa choo ukatazama upande wa jiko langu, akazungusha makuti ya kunisitiri njia nzima. Wazo hilo lilikuwa langu, nililituma kwa Rabia. Nikaweka na desturi mpya: aliyeingia anatundika kanga yake kwenye makuti, asubiriwe. Sifa alinung'unika kwamba nimeua baraza letu la pwani. Nikamwambia kakate magogo ya mnazi. Tukayaweka nje, karibu na dumu la kunawia, na hapo ndipo tunapokaa sasa kila alfajiri kungoja zamu, na habari zinafika vilevile, tena tukiwa tumekaa vizuri. Kabla mvua hazijaisha, ua wa Sifa ukapata shimo lake, na wa jirani yake. Hemedi aliuza madumu mpaka yakamwishia.

Walikuwepo pia waliosema mahema yale ndiyo yanayoua watu, na waliowaficha wagonjwa wao ndani. Sikubishana nao. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na fimbo yangu, nikawasimulia kikombe cha hewani, mama wa Olumbi na tangazo la Lurdes. Walipokuwa wanacheka nilikuwa nawaambia, haya, mleteni mgonjwa twende. Mtu akicheka huwa ameshalegea, ukimvuta anakuja. Tulimpeleka mzee mmoja kwa mkokoteni, na mama mwenye mapacha, na wote wako hai, wananiamkia njiani.

Kisima chetu tulikijengea ukingo, na maji ya kunywa tukawa tunayachemsha. Nywele zangu zilikatika nyingi na miguu ilinikaza kwa muda mrefu baada ya hapo, hasa alfajiri. Nawe ikikutokea usiogope, inapita. Mimi ilipita wakati mvua zinaondoka na mpunga unaanza kuinamisha vichwa.

Na mpunga ukiwa vile, Rabia akashikwa na uchungu. Alijifungulia kituo cha afya, Lurdes akanipisha nikamshika mwanangu mgongo kama inavyotakiwa, na akatoka mtoto wa kike, mwenye hasira, amekunja ngumi. Nilimwogesha maji niliyoyachemsha mwenyewe na kuyapoza mwenyewe, nikamkausha kwa kanga zangu laini. Machozi yalitoka safari hii, mengi tu. Lurdes akaniuliza nalia nini, nikamwambia nafurahi kwamba yapo.

Siku ya arobaini, mtoto anatolewa nje, wakaja wageni kutoka Msimbati: mama yake Hemedi na mjomba wake. Kwetu mkwe akimwona mkwewe katika hali asiyopaswa kumwona, hata kama ni kwa wema, hapiti hivihivi. Huja na wazee wake akaomba radhi, akaleta nguo ya kumsitiri, na yule aliyeonekana akijifunga ile nguo mbele za watu, aibu imekwisha. Nilikuwa nimewaambia kupitia kwa Rabia kwamba si lazima. Hemedi akajibu, kwa Rabia, kwamba aliahidi.

Basi tukakaa, wageni mkeka wao na sisi mkeka wetu, sahani za pilau zinangoja. Mjomba akasema kijana wao amekuja kurudisha alichokichukua siku ile minazini. Doti ya kanga ikapita kutoka kwa mjomba kwenda kwa Sifa, kutoka kwa Sifa kuja kwangu. Ilikuwa mpya, nyekundu na nyeupe, bado inanukia duka. Hemedi alikuwa amesimama nyuma ya wazee wake, kichwa chini, ananipa mgongo. Watu wote wakanitazama nijifunge.

Nikasimama. Nikaichana ile doti vipande viwili, kipande kimoja nikajifunga kiunoni, kama inavyotakiwa, wazee wakaitikia amina. Kipande cha pili nikabaki nacho mkononi. Kisha nikamchukua mjukuu wangu kwa Rabia, nikavuka mikeka yote miwili mpaka aliposimama mkwe wangu. Sikumpitishia mtu.

"Hemedi, inama."

Aliinama kabla hajafikiri. Nikamlaza mtoto mgongoni kwake, nikamzungushia kanga, nikakaza fundo kifuani kama Sifa alivyolikaza siku ile. Wanawake wakaanza kuangua kicheko, maana kwetu mwanamume habebi mtoto mgongoni, hiyo ni kazi yetu. Hemedi akageuza shingo, akanitazama usoni, naye hajawahi kunitazama.

"Mkwe, mimi wa kubeba mtoto?"

"Wewe," nikamwambia. "Huo mgongo naujua mimi. Hauangushi mtu."